Nilipomvua Dada Yangu Viatu

Kama ningeruhusiwa kurudia asubuhi moja tu ya maisha yangu, singechagua ile niliyooa wala ile niliyopata mtoto wa kwanza. Ningerudia asubuhi niliyoketi kwenye stuli katika chumba chetu mtaani Bahati, nusu mkate ukiwa mkononi, nikakubali kumvua dada yangu viatu. Sikumvua miguuni. Nilimvua kwenye karatasi, kwa sababu mwenye galari moja ya michoro mjini alikuwa ameniomba. Sikulazimishwa. Nilikuwa na uwezo wote wa kusema hapana. Badala yake nilimega mkate, nikaufinyanga mpaka ukawa laini, nikaanza kufuta.

Anayechora kwa makaa anajua kwamba mkate mweupe hushinda raba. Raba huchubua karatasi, lakini mkate hubeba unga wa makaa taratibu na kuondoka nao. Mkate ule ulikuwa wa chai yetu ya kesho yake, na alikuwa ameununua dada. Makaa nayo yalitoka kwenye jiko lake. Nilimfuta kwa vitu vyake mwenyewe.

Dada alikuwa kifungua mimba na mimi kitinda mimba. Kwetu ni magharibi. Alipokuwa msichana alikwenda shule miguu mitupu kwenye umande, akaacha darasa la tatu ili wadogo zake wapate zamu. Alifika Nairobi kwa njia ya ndoa. Mume alipata kazi Mombasa, na huko Mombasa akapata na mke, dada akabaki Bahati na chumba kimoja, jiko moja na kicheko kilichosikika mpaka kwenye bomba la maji. Akaanza kuuza chai na mandazi kwenye lango la kiwanda kule Industrial Area. Kwa mandazi hayo nilisoma mpaka kidato cha nne. Nilipomaliza alinipokea, akatundika pazia katikati ya chumba, akasema, "Upande ule Ulaya, upande huu Afrika. Wewe msomi kaa Ulaya. Ukitaka chakula utaomba viza."

Kazi niliyoipata ni ya kuchora vibao vya maduka. Nilichora vichwa vya vinyozi, vikombe vya chai vinavyofuka moshi, na ng'ombe wa buchari. Ng'ombe wangu walikuwa na kasoro moja: walitabasamu. Mwenye buchari mmoja wa Jogoo Road alinirudisha kazini akilalamika kwamba wateja wanamwonea mnyama huruma. Ikabidi nimkunje uso kidogo.

Baada ya kazi nilichora watu. Mwanzoni niliwaibia. Nilikaa mlangoni na ubao magotini, nikachora wanawake kwenye foleni ya maji, wazee wakicheza bao, vijana wakiegemea ukuta wakiambiana "sasa" na "fiti" kutwa nzima. Jirani yangu aliyefanya kazi ya reli, mtu mwembamba mwenye maneno mengi, ndiye aliyenikamata.

"Fundi, unachora nini hapo?"

"Wewe."

Akaja, akatazama, akaruka nyuma kama aliyeona nyoka. "Mimi niko na fulana? Na hivi umeninyima mwili? Mama yangu akiona hii atasema Nairobi kuna njaa. Ngoja nikavae."

Hapo ndipo nilipojifunza sheria ya mtaa wetu kuhusu picha. Picha ilikuwa kitu cha kuvaliwa. Mtu hakuchukuliwa tu kama alivyokutwa. Alienda studio, akaazimwa koti na tai, akasimama mbele ya pazia lenye bustani na maji, akakunja uso kwa heshima, na picha ile ikatumwa nyumbani ikae ukutani kuwaambia wazazi kwamba mtoto wao ameuweza mji. Hakuna aliyeona udanganyifu ndani yake. Kama wewe ni fundi wa bomba siku sita na siku ya saba umevaa tai, kwa nini picha ishike zile sita?

Basi jirani wa reli hakwenda kuvaa nguo zake. Alikwenda kwa fundi cherehani wa mwisho wa safu yetu, mzee wa kutoka Murang'a, ambaye alikuwa na koti jeusi ambalo mteja alilishonesha kwa ajili ya harusi. Harusi ilivunjika, mteja hakurudi, na koti likabaki kwenye msumari. Mzee alikuwa mcha Mungu, hakutaka kuliuza. "Mwenyewe anaweza kurudi akiwa amempata mwingine," alisema. Lakini kuliazima hakukuwa dhambi.

Kuanzia siku hiyo, kila Jumapili baada ya ibada, chumba chetu kilikuwa studio. Watu walipanga mstari nje. Mwanamume akimaliza kuchorwa anavua koti, anampa wa nyuma yake, naye analivaa likiwa bado na joto. Wengine liliwafika magotini, wengine halikufunga kifungo. Wakaleta na vyombo vyao vya heshima. Mmoja alitaka achorwe na redio. Mwingine alitaka chupa ya chai iwe mezani, ile yenye maua. Jirani wa reli aliketi kama waziri, akasema, "Niongeze mashavu, fundi. Kidogo tu. Mungu ataelewa."

Dada aliketi wa mwisho. Siku nyingi alikuwa akitoa udhuru wa unga na mafuta, lakini Jumapili moja aliingia nyuma ya pazia akatoka amevaa gauni lake la kitambaa cha bluu, mkoba mweusi mkononi, na viatu.

Lazima nivieleze viatu vile. Alivipata Gikomba, vyeusi, vyenye kisigino kifupi na mkanda wa kufungwa kwa bakoli ndogo ya chuma inayong'aa pembeni. Vilimbana. Kwa hiyo alikwenda kanisani na patipati za mpira, viatu vikiwa mfukoni vimefungwa kwa gazeti, na alipofika lango la kanisa alisimama kando, akapangusa miguu kwa leso, akavivaa. Baada ya ibada alivivua pale pale. Havikuwahi kukanyaga matope ya Bahati. Wanawake wenzake walimtania, "Mama Mandazi, viatu vyako vimeokoka kuliko wewe." Naye alijibu, "Ndiyo, na vitatangulia mbinguni, mimi nitafika baadaye na patipati."

Alipoketi kuchorwa alinyoosha miguu mbele, kisha akaniuliza, "Vinaonekana?"

"Vinaonekana."

"Na bakoli?"

"Na bakoli."

Ndipo uso wake ukatulia. Sijawahi kuchora uso kama ule, wala kabla wala baadaye. Haukucheka, lakini kicheko kilikuwa kimekaa ndani yake kama moto kwenye jiko lililofunikwa. Kidevu kiliinuka kidogo. Nilipomaliza alisimama akatazama kwa muda mrefu, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Akasema, "Huyu mama naweza kumsalimia njiani." Kisha akaniambia nisiikunje, ataitafutia kioo.

Sikuikunja. Niliipeleka mjini.

Mlinzi mmoja niliyemchorea kibao aliniambia kuna galari mjini inayopokea wachoraji wapya. Nikafunga karatasi zangu kwa gazeti nikaenda. Mwenye galari alikuwa mama wa makamo, mgeni aliyeishi Nairobi miaka mingi na aliyesema Kiswahili kwa utaratibu. Alinipokea vizuri. Sitamlaumu. Alitandaza michoro sakafuni, akapiga magoti, akatazama kila mmoja pua ikikaribia karatasi.

"Nyuso hizi," akasema. "Umefundishwa wapi?"

"Kwenye vibao."

"Lakini nieleze jambo moja. Kwa nini wanaume wote wana koti moja?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akafuta machozi, nami nikacheka naye, na hapo ndipo nilipoanza kuwatazama watu wangu kwa macho yake. Nilipotazama chini niliona koti moja, koti moja, koti moja. Nikaona aibu ambayo dakika chache kabla haikuwepo.

"Ninaweza kukuambia ukweli?" akasema. "Hizi ni picha za studio. Wanaokuja hapa wanataka kuona maisha. Nionyeshe watu hawa siku ya Jumatatu. Hizi za koti naweza kuzitundika tatu au nne kwenye kile chumba kidogo, pamoja na kazi za wengine. Lakini ukiniletea watu wa Jumatatu, nitakupa ukumbi mzima. Jina lako peke yake mlangoni." Akanigusa bega. "Fikiria kwanza. Kazi ni yako."

Jina langu peke yake. Nilitoka pale nikatembea kwa miguu mpaka Bahati, na sikumbuki kuvuka barabara hata moja.

Mtu angeuliza kwa nini sikuanza michoro mipya. Jibu la kwanza ni kwamba karatasi nene kama ile ilikuwa imekwisha madukani. Lakini jibu la kweli ni woga. Nyuso zilikuwa zimekubali. Niliogopa kwamba nikianza upya hazitakubali tena. Kwa hiyo niliamua kuziacha nyuso na kufuta kuanzia shingo kwenda chini. Niliwavua makoti na tai, nikawavika fulana zilizotoboka na suruali zilizoviringwa. Redio ikawa debe. Chupa ya chai ikawa sufuria. Nilipofika kwa dada nilifuta gauni la bluu nikamfunga leso kifuani. Nilifuta mkoba nikampa beseni la mandazi. Mwisho nikafuta viatu, na mahali pake nikachora miguu yake, vidole na nyufa za kisigino, ambayo sikuhitaji kuiangalia kwa sababu niliijua tangu utoto.

Dada aliporudi kutoka lango la kiwanda, karatasi zilikuwa zimekwisha kufungwa. Aliinua kawa mezani.

"Mkate uko wapi?"

"Nimekula."

"Wote?"

"Nilikuwa na njaa."

"Usanii una tumbo kubwa," akasema, akacheka, na asubuhi yake tulikunywa chai na mandazi yaliyolala.

Nilipewa kadi za mwaliko. Nilimpa dada moja kwa kujionyesha tu, nikiamini hataenda, kwa sababu maonyesho yalifunguliwa Jumamosi na Jumamosi kiwanda kilifanya kazi nusu siku, chai ikauzwa sana. Sikujua kwamba angeipeleka kadi ile kanisani. Isomwe. Ipigiwe makofi. Nilikuja kusikia habari hizo kwa jirani wa reli, siku mbili kabla.

"Fundi, tunakuja wote. Nimeomba ruhusa kazini. Kuna vita kidogo juu ya koti, lakini mzee ameamua: tutavaa kwa zamu. Kila mtu ataingia nalo, asimame karibu na picha yake wageni wamwone, kisha atoke ampe mwenzake mlangoni. Wazo zuri, sivyo?"

Nilisema ni wazo zuri. Nilikuwa na siku mbili za kumwambia mtu mmoja tu, dada, tena mtu aliyelala ng'ambo ya pazia. Kila nilipofungua kinywa alikuwa akinyoosha gauni la bluu kwa pasi ya makaa huku akiimba. Nikaendelea kukaa Ulaya.

Jumamosi ile ukumbi ulijaa. Sitasema uongo, nilifurahi. Kuta nyeupe, taa kali, watu wazima wakinong'ona mbele ya kazi yangu, wakisogea, wakirudi nyuma. Walisema maneno kama "heshima" na "huzuni". Mzee mmoja mwenye miwani alinishika mkono, akasema hajaona watu maskini wenye fahari namna ile usoni, akaniuliza siri yake ni nini. Siri yake ilikuwa koti, redio na viatu, lakini sikumwambia. Karibu na mchoro wa dada, mwenye galari alibandika kitone chekundu. Ulikuwa umenunuliwa na mama mmoja aliyekuwa akirudi kwao ng'ambo juma lililofuata.

Kisha nikasikia kicheko ninachokijua, barabarani.

Walikuja kundi zima kwa miguu kutoka Muthurwa waliposhukia basi, wamenyooshwa na kupakwa mafuta. Dada alikuwa mbele na patipati. Alipofika mlangoni alifungua gazeti, akamshika begani askari wa mlango. "Nishikilie hapo, kijana. Nisianguke kabla sijaonekana." Askari akanyooka kama nguzo. Dada akapangusa mguu mmoja kwa leso, akavaa, akapangusa wa pili, akavaa, akafunga bakoli. Patipati zikaingia mkobani.

Lakini wa kwanza kuingia alikuwa jirani wa reli, kwa sababu zamu ya koti ilikuwa yake. Aliingia kifua mbele, akawapa wageni mkono mmoja mmoja, akatafuta picha yake, akaipata, akageuka akasimama kando yake kama tulivyokubaliana. Alisubiri. Wageni walimtazama, wakatazama picha. Hapo naye akageuka.

"Fundi," akaita, na sauti yake haikuwa ndogo. "Mbona umenivua mbele ya wazungu?"

Wageni wote wakageuka.

"Na hii fulana si yangu! Yangu imetoboka mgongoni, si kifuani. Kifuani ni nzima. Nani amevaa hii fulana?"

Kicheko kilianzia nyuma, kikaenea, na yeye mwenyewe akacheka, kwa sababu alikuwa mtu ambaye hakuweza kuacha kicheko kipite bila yeye. Alitoka, akavua koti, akamkabidhi fundi cherehani. "Mzee, ingia tu. Lakini hili koti liache nje, ndani hakuna kazi yake." Mzee akalivaa hata hivyo, akaingia, akatazama picha yake ambayo nilikuwa nimemvika shati lililoraruka kwapa. Aliinama akalichunguza lile shati muda mrefu. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mimi ni fundi cherehani. Watu wakiona hivi, nani ataniletea kitambaa?" Wanawake walikuwa wakivutana mbele ya picha zao, wakipigana vikumbo. "Huyu ni wewe! Tazama hiyo leso!" "Ni wewe! Mimi sina goti kama hilo!" Wageni walifurahia kuliko walivyofurahia michoro.

Kisha nikasikia visigino vya dada sakafuni, ko, ko, ko, akipita ukuta mmoja mpaka mwingine, mpaka vikanyamaza.

Mzee mwenye miwani alimsogelea. Alitazama viatu, akatazama picha. "Samahani, mama. Huyu ni wewe?"

"Ni mimi," dada akasema. "Siku ile nilipoibiwa viatu."

Watu wakaangua kicheko, na mzee yule akacheka kwa adabu bila kujua kama ni mzaha. Nilikwenda nikasimama kando ya dada. Alikuwa ameinama, pua karibu na karatasi. Makaa hayafutiki kabisa. Chini ya zile taa kali, kuizunguka miguu niliyoichora, palikuwa na kivuli cha kijivu chenye umbo la kiatu, na pembeni alama ndogo ya mraba.

"Hivi hapa," akasema polepole. "Na bakoli. Ulivichora."

"Nilivichora, dada."

"Halafu?"

"Halafu nikavifuta. Walitaka Jumatatu."

Akasema, "Ndiyo maana mkate uliisha."

Akageuka akaniangalia mfukoni. Alijua kwamba sitembei bila kipande cha makaa. "Si unacho hapo? Mistari michache tu. Hapa, na hapa. Gauni liache, mkoba uache. Viatu peke yake."

Nikamwonyesha kitone chekundu. "Imeuzwa, dada. Si yangu tena. Inakwenda ng'ambo."

Mpaka leo sijui kama mwenye galari angenikatalia. Sikumuuliza. Alikuwa hatua chache kutoka pale, akicheka na wanawake wa Bahati.

Dada akakitazama kile kitone. Kidevu kikainuka kama siku ile alipoketi. "Kumbe nitapanda ndege miguu mitupu," akasema, akanipiga kofi dogo la bega, kama mtu anayepangusa vumbi, akaenda kuwakusanya wenzake kwa sababu jioni ilikuwa inakaribia.

Niliwatazama kwa dirisha wakiondoka. Walikuwa wakiimba pambio, jirani wa reli akiwaongoza kwa mikono, koti likipepea begani mwa wa mwisho aliyelipata. Mimi nilibaki na wageni na glasi ya maji ya matunda. Asubuhi yake nilimkuta dada amekaa upande wa Afrika, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi, visigino vimechubuka. Alikuwa ametembea na viatu mpaka Muthurwa, na kutoka stendi ya mtaani kwetu mpaka mlangoni, kwenye matope ya Bahati. Hakuvivua hata mara moja.

"Vilikuwa vinabana?" nikauliza.

"Sana," akasema, na akacheka.

Hakunikasirikia. Ningependa niseme alinikasirikia, ingekuwa rahisi. Alinipikia, akanitania, akanichagulia hata mke, tena mzuri. Mtaa nao uliligeuza jambo lile kuwa mchezo. Nikipita na ubao wangu, wanaume walishika vifungo vya mashati wakapiga kelele, "Huyo anakuja! Shikeni nguo!" Watoto walikimbia wakishikilia kaptura. Nilicheka nao, maana ilichekesha. Lakini Jumapili iliyofuata hakuna aliyepanga mstari mlangoni, wala ile ya baada yake. Nikimwomba jirani wa reli akae, alisema, "Wewe fundi, nikikaa leo nitaamka kesho bila suruali." Nikimwomba dada, alisema, "Ngoja nikavae viatu," akaingia nyuma ya pazia, na hakutoka. Nilimsikia huko akikoroga unga.

Mwenye galari aliomba maonyesho ya pili. Nilijaribu kuchora picha kwa kumbukumbu, nikampelekea. Alizipanga sakafuni kama mwanzo, akapiga magoti, kisha akainuka mapema. "Hawa hawanitazami," akasema. Alikuwa mkweli hadi mwisho. Nikarudi kwa ng'ombe wangu wa buchari, na nikawaachia watabasamu.

Dada alifariki miaka ile ya themanini ikiyoyoma, baada ya ugonjwa wa muda mfupi. Wanawake wa kanisa walimvika gauni la bluu na viatu. Palihitajika picha ya kuweka juu ya jeneza, na watu wote waliniangalia mimi: si fundi yuko hapa? Nilikaa na karatasi kutwa nzima. Viatu vilikuja mara moja, na bakoli, na mkoba. Uso haukuja. Mwisho tulikuza picha ya kipande chake, yaani kitambulisho, ambayo ilikuwa imepauka mpaka ukaona tu duara na kitambaa cha kichwa. Jirani wa reli, mzee sasa, ndiye aliyeibeba mbele ya jeneza, amevaa lile koti.

Uamuzi wa asubuhi ile ulinipa ukumbi mzima na jina langu mlangoni kwa majuma machache. Ulinigharimu watu wote waliokuwa wakiniketia, na pamoja nao kazi ambayo ningeifanya maisha yangu yote, kwa maana sikuchora tena uso wa mtu uliokubali. Na nyumbani kwetu hakuna picha inayoonyesha uso wa dada yangu. Alichorwa mara moja tu akiwa kama alivyotaka aonekane, na picha hiyo niliifuta mimi.